Bildi inafeli, ukirudia inapita? Usikimbilie kulaumu RAM

Bildi (kazi ya kugeuza kodi kuwa programu na kuijaribu) inayochosha kuliko zote ni ile inafeli, unairudia bila kugusa kodi hata mstari mmoja, inapita. Wengi wenye seva zao wenyewe wakiona hivyo wanaongeza swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa), wanachezea vm.swappiness inayosema swap itumike kiasi gani, wanapunguza jobu zinazoenda pamoja, na wapi.

RAM ikiisha kweli huwa inaacha alama, jobu inakufa na namba ya kutokea (exit code) 137 na ukipiga dmesg, yaani logi ya kerneli ambayo ndo kiini cha Linux, unakuta Killed process. Ila kama logi inasema FATAL: ThreadSanitizer: unexpected memory mapping, au AddressSanitizer:DEADLYSIGNAL inajirudia tu bila kuisha (hizi mbili ni zana za kompaila za kunasa makosa ya memori na ya thredi programu ikiwa inakimbia), hata ungekuwa na RAM ya kumwaga haisaidii. Hapo piga hii:

sysctl vm.mmap_rnd_bits

Ikitoka 32, na kompaila yako ni ya zamani kidogo, mchawi umempata.

Iko hivi, programu ikianza kerneli inazitupa laibrari zake kwenye anwani za kubahatisha ili mvamizi asijue pa kulenga, na hii setingi ndo inasema zibahatishwe kwa biti ngapi. Kwenye x86-64 yenye peji za KB 4, biti 28 zinakupa uwanja wa TB 1, biti 32 ni TB 16. Sasa ThreadSanitizer yenyewe ilishajigawia maeneo yake mapema na inategemea laibrari zitue sehemu fulani tu, zikitua nje ya hapo inagoma. Na kwa vile ni kubahatisha, kuna raundi zinatua pazuri, ndo maana ukirudia inapita.

Kinachowachanganya watu ni konteina, yale maboksi ya kuendeshea programu kama ya Docker. Imeji (kifurushi kinachozaa konteina) ni ileile ya mwaka jana, hakuna aliyeigusa, wanabaki kusema "mbona hatujabadilisha kitu"! Imeji haina kerneli yake jamani, inatumia ya hosti, yaani seva inayobeba konteina, na hosti ikipandishwa mfano kwenda Ubuntu 24.04 inakuja na 32. Kwa hiyo setingi unaibadilisha kwenye hosti, ndani ya konteina ya kawaida itakukatalia:

sudo sysctl vm.mmap_rnd_bits=28

Hiyo inapotea ukiwasha seva upya, iandike kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/ halafu piga sudo sysctl --system.

Kushusha ni kulegeza ulinzi kidogo kwa seva nzima, kwa mashine inayofanya bildi tu mimi sioni shida, ila kama hapohapo unahudumia wateja nisingefanya. Kuna setarch -R inayozima kubahatisha kwa programu moja tu, nzuri, ila seccomp ya kawaida ya Docker (kichujio cha maombi ambayo programu inaruhusiwa kupeleka kwa kerneli) inaizuia. Programu yenye ThreadSanitizer iliyojengwa na kompaila ya Clang kuanzia 18.1 ikikwama inajaribu kujiwasha upya bila kubahatisha, na hiyo nayo ndani ya Docker inagonga ukuta uleule, so kupandisha kompaila peke yake kunaweza kusitoshe.