Mvinje ni mgumu, lakini mchwa huula

Kauli ya miaka mingi hapa Mombasa ni kwamba nguzo ya mvinje (mti wa pwani uitwao pia casuarina) hailiwi na mchwa kwa sababu ni ngumu. Ugumu upo: ukikauka, msumari hupinda, hivyo toboa kwanza kwa keekee. Lakini kinachozuia mchwa na kuvu ni dawa ya asili iliyomo ndani ya mti, na mvinje hauna ya kutosha. Nguzo iliyofukiwa huoza pale usawa wa ardhi, penye unyevu na hewa kwa pamoja. Juu inaonekana nzima, lakini ukiisukuma hukatika.

Menya gamba mara tu ukikata, kausha kivulini (juani hupasuka), kisha isimamishe juu ya zege, sentimita 15 kutoka udongoni. Kwa paa na kuni, mvinje hauna shida.

Kuotesha ni rahisi, hata machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yalipandwa mivinje kuanzia 1971. Ila changanya kitaluni udongo wa chini ya mvinje mkubwa. Udongo huo una bakteria wanaoipa mizizi nitrojeni. Bila wao miche hudumaa na kugeuka manjano.