Vumbi Haliingilii Kwenye Kifuniko

Mteja mwingine niliyemfungia kifuniko cha kukunja juu ya bodi ya pikapu, yaani sehemu yake ya mizigo, amerudi karakanani na mfuko wa saruji ulioganda upande mmoja, akauliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Fundi, si uliniambia hiki ni kifuniko kigumu?" Nilimwambia hivyo, na kweli ni kigumu. Ugumu ni sifa ya mabamba. Kuzuia maji ni kazi ya raba, mifereji na mlango wa nyuma, na katika hivyo vitatu mlango wa nyuma haukutengenezwa na aliyetengeneza kifuniko. Imani kwamba kifuniko kigumu cha kukunja huigeuza bodi ya pikapu kuwa stoo kavu imenichosha, kwa hiyo leo ninaiandikia kwa kirefu, ili mteja anayefuata nimwelekeze hapa badala ya kubishana naye huku mvua ikinyesha.

Kifuniko cha aina hii huwa na mabamba matatu au manne ya alumini iliyofunika povu gumu, au ya faiba, yaliyounganishwa kwa bawaba zenye raba ndefu kati ya bamba na bamba. Mabamba hayo hulalia reli mbili zilizobanwa kwa klampu kwenye kingo za bodi. Katika vifuniko vinavyolala usawa na kingo, reli huwa na mfereji ndani yake, na mfereji huo upo kwa sababu msanifu alijua tangu mwanzo kwamba maji yatapita raba ya kwanza. Yakishapita yanakusanywa mferejini, yanapelekwa kwenye pembe, kisha yanatolewa chini ya gari kwa vibomba vya mpira. Kwa maneno mengine, kifuniko kizuri huvuja kwa utaratibu, na kibaya huvuja ovyo. Watengenezaji makini wenyewe huandika kwamba bidhaa yao hupunguza maji. Anayeahidi ukavu kamili ni muuzaji.

Vibomba hivyo kwa kawaida huwekwa kwenye pembe za mbele, upande wa kabini. Mpangilio huo unafaa kwa gari lililosimama mahali tambarare, lakini sisi tunaishi Kampala, mji wa vilima, ambako nyua nyingi zina mteremko na gari hulala usiku kucha pua ikiwa juu au chini. Pua ikiwa chini, maji yanafuata vibomba na hakuna shida. Pua ikiwa juu, maji yote ya mferejini hurudi nyuma, yanafika mwisho wa reli karibu na mlango wa nyuma, mahali ambapo vifuniko vingi havina kibomba, na kutoka hapo yanamwagikia ndani ya bodi kwenye pembe mbili za nyuma. Mwenye gari anapokuta pembe hizo zimelowa hulaumu raba, kisha anadai raba mpya, ambayo haitabadilisha lolote. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba si manyunyu ya kujaribia bidhaa dukani; mfereji mwembamba hujaa haraka kuliko kibomba kinavyotoa. Geuza gari, au chagua kifuniko chenye vibomba kwenye pembe zote nne. Vibomba vyenyewe vipulizwe upepo mara kwa mara, kwa kuwa matope huviziba, na nyigu wa udongo hupenda sana kujenga humo.

Kuhusu mashine za kuoshea magari zenye msukumo mkubwa nitasema kidogo tu: hakuna raba ya bawaba iliyotengenezwa kustahimili maji yanayopigwa kutoka umbali wa kiganja. Kijana wa kuosha akilenga kiungo cha mabamba, maji yataingia, na hilo si kosa la kifuniko.

Sasa vumbi, ambalo ndilo hasa linalonikera. Mtu anasafiri kwenda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kwa barabara za udongo, anafika, anakunja kifuniko, anakuta mizigo imepakwa rangi nyekundu, kisha ananipigia simu kuniambia kwamba kifuniko changu kinapitisha vumbi. Ssebo, yaani bwana, vumbi halikuingilia juu. Gari linapotembea huacha nyuma yake eneo la hewa yenye shinikizo dogo, na hewa inayozunguka humo hubeba vumbi lililotimuliwa na magurudumu yako mwenyewe, ikalipandisha hadi kwenye mlango wa nyuma. Mlango huo una mianya pande mbili, na mwanya mkubwa zaidi uko chini, pale unapokutana na sakafu ya bodi kwenye bawaba. Vumbi huingilia hapo, likatulia ndani polepole, na kwa sababu linatulia juu ya kila kitu, mwenye mzigo huamini kwamba limeanguka kutoka juu.

Uthibitisho wake ni rahisi. Adhuhuri, jua likiwa utosini, mwanafunzi wangu hujilaza ndani ya bodi, tunafunga kifuniko na mlango, naye anataja kila mahali anapoona mwanga. Usimwache humo muda mrefu, maana joto ni kali. Mara nyingi atataja mstari mmoja mwembamba kwenye pembe za mbele, kisha atataja mlango wa nyuma mpaka achoke. Nimemfanyia onyesho hilo mteja aliyekuwa amekwisha kununua kifuniko cha pili, cha bei ya juu zaidi, kwa sababu ya vumbi. Alitazama mwanga ule wa chini, akanyamaza, kisha akaomba nimfungie kile alichonunua kwa sababu pesa zilikuwa zimekwishatoka.

Dawa yake ni raba yenye tundu ndani, ya aina inayotumika kwenye milango ya magari, ambayo maduka ya vipuri pale soko la Kisekka, Kampala, huuza kwa mita. Bei yake ukilinganisha na kifuniko ni ndogo mno, na ninashuku kwamba ndiyo maana watu hawaiamini. Ibandikwe kuzunguka pande mbili za mwimo na chini kwenye ukingo wa sakafu, juu ya chuma kilichosafishwa kwa spiriti, gari likiwa kavu. Ikibandikwa juu ya vumbi itabanduka kabla hujafika Soroti, mji ulio njiani kwenda Karamoja. Isiwe nene kupita kiasi pia, kwa sababu mlango utakataa kufunga na utaishia kuubamiza hadi vitasa vilegee.

Hapa lazima nikiri kwamba sina uamuzi mmoja. Mwanya wa chini unaoingiza vumbi ndio pia unaotoa maji yaliyoingia na unyevu wa mizigo. Ukiuziba kabisa, bodi inakuwa na vumbi kidogo, lakini maji yaliyopita mferejini yanabaki sakafuni, na kama ulibeba samaki kutoka ziwani harufu haitakuhama. Kwa anayeishi mjini na kubeba masanduku, huwa ninaacha upenyo wa vidole viwili kila pembe ya chini. Kwa anayekwenda kwenye barabara za moramu kila wiki ninaziba kote, kisha ninamwambia afungue bodi ipigwe jua. Kuna mafundi ninaowaheshimu wanaofanya kinyume changu, na sina hoja ya kuwashinda. Vivyo hivyo kwa silikoni kwenye pembe za mbele: inazuia maji vizuri, lakini siku ya kutoa kifuniko utaikwangua kwa kisu na kuichubua rangi. Siku nyingine ninaipaka, siku nyingine siipaki.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Alumini hustahimili mikwaruzo na jua. Faiba nzuri ni nyepesi na haibonyei, ila ikipasuka imepasuka. Raba zote, za bei yoyote, hukauka chini ya jua letu la ikweta, kwa hiyo uliza kama muuzaji anazo za kubadilisha kabla hujauliza rangi. Dai kwamba kifuniko huokoa mafuta lina ukweli fulani kwenye mwendo wa kasi, kwa kuwa upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Katika foleni ya Jinja Road usilitegemee. Kuhusu uzito unaowekwa juu ya kifuniko, watengenezaji wengine huandika takriban kilo 180, lakini soma sentensi yote: uzito huo umesambazwa sawasawa. Mikungu ya matoke iliyorundikwa katikati, gari likiruka mashimo, si uzito uliosambazwa, na bawaba ndizo zitakazolipa.

Kipimo hakina huruma. Hilux, D-Max, Ranger na Navara za kabini mbili zina bodi zinazokaribiana urefu, na kukaribiana huko ndiko kunakowaponza watu. Kifuniko cha moja hakikai kwenye nyingine, na hata ndani ya jina moja, toleo jipya hutofautiana na la zamani. Pima ndani, kutoka ukuta wa kabini hadi mlango wa nyuma ukiwa umefungwa. Angalia pia laina ya plastiki, ile inayofunika bodi kwa ndani: kama imepanda juu ya kingo, klampu itabana plastiki badala ya chuma, nayo italegea kila siku mpaka ukate nafasi za klampu. Kama gari lina upinde wa bomba nyuma ya kabini au ndoano za kamba kwenye kingo, sema mapema, kabla kifuniko hakijatolewa kwenye boksi. Chini ya kila klampu weka utepe wa mpira, kwa sababu alumini na chuma kilichochubuka vikikutana na maji, alumini huanza kulika.

Uliza vilevile kinavyokunjwa. Vingine husimama wima nyuma ya kabini na kukuachia bodi yote, lakini vinaziba kioo cha nyuma. Vingine hubaki vimerundikana mbele ya bodi, na friji ndefu haitaingia mpaka ukitoe chote.

Mwisho ni wizi. Komeo za kifuniko ziko ndani, na hufikiwa na yeyote aliyefungua mlango wa nyuma. Pikapu nyingi za kazi zilizopo hapa zina mlango wa nyuma usio na ufunguo: unavuta mshiko, umefunguka. Anayenijia na gari la namna hiyo ninamwuzia kwanza kitasa cha mlango, na asipokitaka ninamwambia mbele ya wenzake kwamba anachonunua ni kivuli cha mizigo.