Dawa ya nywele kuwasha si dalili kwamba imeshika
Katika saluni nyingi za Afrika Mashariki bado inaaminika kwamba dawa ya kulainisha nywele haijashika mpaka iwashe, na mteja huambiwa avumilie kidogo. Imani hiyo inaumiza watu bure. Unywele wenyewe hauna mishipa ya fahamu. Kinachowasha ni ngozi inayoanza kuungua, kwa kuwa dawa hizi, hata zile za watoto, ni alkali kali ambayo pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali kinachoishia 14, kwa kawaida hufika 12 au zaidi. Dawa huvunja viungo vya salfa vinavyoshikilia msokoto wa unywele, na huvivunja hata kama mteja hahisi maumivu yoyote.

Msusi makini hupaka mafuta ya mgando kwenye ngozi, hasa nyuma ya masikio na kwenye kingo za nywele, humwahirisha mteja aliyejikuna au aliyetoka kufumua, na hugusa maoteo mapya tu, kila baada ya wiki 8 hadi 12. Ikianza kuwasha, dawa ioshwe papo hapo kwa maji mengi, maana mawimbi yaliyobaki kwenye nywele hurekebishika, lakini kovu huweza kuzuia nywele kuota kabisa. Kisha hufuata shampuu ya kuondoa alkali, ambayo kwa aina fulani povu lake huwa la waridi mpaka dawa itoke yote.