Kanivo: mfereji wa maji ya mvua ni kitu gani

Kanivo ni mfereji wa kando ya barabara, wa mawe na saruji au wa udongo mtupu, unaopokea maji ya mvua na kuyateremsha kabla hayajaingia majumbani au kula barabara. Kazi yake inaishia hapo. Maji ya choo yana shimo lake na takataka zina pahali pake, ingawa ukimuuliza mtu wa Bukavu, mji wetu huku Kongo, pahali penyewe ni wapi, huenda akakucheka.

Wengi wanadhani maji ya kanivo hupita kwenye mtambo fulani wa kuyasafisha. Hayapiti popote. Yanayoshuka Kadutu, mtaa wa mlimani hapa Bukavu, huingia mto Kahuwa, nao Kahuwa humwaga katika ziwa Kivu, lile lile ambalo mama na watoto wenye bido (madumu) huchota bomba likikauka. Ndiyo maana choo kinachofunguliwa usiku wa mvua ili kijimwage kwenye kanivo ni jambo la kipindupindu, wala si la harufu peke yake. Chupa nazo huelea mpaka mto Ruzizi unapotoka ziwani, zikaenda kuziba mashine za bwawa la umeme la Ruzizi I. Umeme ukikatika, chupa ya juu ya mlima ina mkono wake.

Sashe, yaani mifuko ya plastiki, zimekatazwa kwa dekreti (amri ya serikali) ya tarehe 30 Desemba 2017. Karanga, chumvi na makala (makaa) bado vinafungwa humo.

Hata hivyo, mjini kwetu kinachojaza kanivo kuliko vyote ni udongo. Milima imevuliwa miti, nyumba zimepanda hadi kileleni, na kila mvua inateremka na wekundu wake. Kwenye mteremko mkali maji yana mbio, hivyo yanabeba mchanga na hata mawe. Yakifika tambarare mwendo unapungua na mzigo unabaki pale pale. Kwa hiyo anayefurikiwa ni wa chini, na mara nyingi aliyemletea mzigo huo ni wa juu.

Tazama dale, lile bamba la saruji ambalo wenye maduka huweka juu ya kanivo ili mteja avuke. Chini yake hakuna anayeona. Gunia moja linanasa kwenye chuma kilichochomoza, chupa mbili zinaliegemea, tope linaziba nafasi zilizobaki, na mvua inayofuata maji yanapanda juu na kuingia dukani. Dale lisiloinuliwa na watu wawili, kwa maoni yangu, ni kosa la ujenzi.

Wenye garaji wanaomwaga mafuta ya vidanji, yale machafu yanayotolewa kwenye injini, mferejini hawaoni madhara kwa sababu yanaondoka upesi. Yanaondoka kwenda kwa samaki. Na mbu? Wale wanaozaliwa katika kanivo chafu iliyotuama mara nyingi ni Culex, mbu wasioleta malaria. Wa malaria hupenda zaidi maji safi kidogo, kama dimbwi la mvua. Lakini kuumwa usiku kucha ni kuumwa tu.

Wakati mzuri wa kuzibua ni Julai na Agosti, kabla mvua za Septemba hazijafika, maana tope kavu huchimbika na kubebeka. Anzeni chini mkipanda juu: mkianza juu, uchafu mnaousukuma unakutana na kizibo cha chini. Kisha kuna kosa linaloonekana karibu kila salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi. Tope linatolewa vizuri, linalundikwa ukingoni, watu wanapiga picha na shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa), halafu wanaondoka. Mvua ya kwanza inalirudisha lote. Kabla ya kushika koleo, kubalianeni nani ana toroli, na tope litamwagwa wapi. Lile lisilo na plastiki wala mafuta hufaa kujazia mashimo ya njia za ndani. Lenye maji ya choo lisiguswe bila buti na glavu, na watoto wasilikaribie.