Kwa nini masizi meusi yanaweza kung'aa?

Mchana ukishapita, nyuma ya kibanda Kariakoo, mama lishe anasugua sufuria iliyokuwa jikoni tangu alfajiri. Mkononi ana majivu na ganda la limao. Masizi yamemganda hadi kwenye kucha. Je, wajua kwamba masizi yale, na hata ukali wa limao lile, wanakemia huvigeuza kuwa chembe zinazong'aa buluu au kijani?

Chembe hizo ni vitone vya kaboni. Viligunduliwa kwa bahati mwaka 2004 huko South Carolina, Marekani: watafiti walikuwa wakisafisha mirija midogo mno ya kaboni, wakakuta uchafu uliojitenga unang'aa. Mwaka 2007 wengine wakavipata kwa kuchemsha masizi ya mshumaa kwenye asidi ya naitriki. Asidi ya sitriki, ile ya limao, nayo hupikwa na kemikali yenye naitrojeni ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, kwa nyuzi 200 hivi.

Siri ya kwanza ni udogo: kwa kawaida kitone hakifiki nanomita 10 (nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kipande cha mkaa humeza mwanga na kuugeuza joto, ndiyo maana ni cheusi. Ndani ya kitone elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji ya umeme, zimebanwa. Zikipigwa na mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, huirudisha nguvu ile kama mwanga wa rangi nyingine. Ni kama wakala anapoweka noti chini ya taa ya zambarau, alama zilizofichika zikachomoza. Siri ya pili ni ngozi ya kitone, yaani oksijeni na naitrojeni zilizoshikamana nje. Ipi kati ya hizo mbili ina nguvu zaidi, wanakemia bado wanabishana.

Mimi ngozi hiyo ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu ya zebaki. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya hukamatia dhahabu kwa zebaki, na ikishayeyuka majini jicho haliioni. Kuna vitone ambavyo zebaki hunasa kwenye ngozi yake, ikapora nguvu za elektroni, mwanga ukafifia. Kadiri sumu inavyozidi, ndivyo giza linavyozidi, na giza hilo hupimika.

Seli za viumbe nazo humeza vitone hivi, zikaonekana waziwazi chini ya hadubini. Chembe za kung'aa zilizotangulia nyingi zilikuwa na kadimiamu, metali yenye sumu. Kaboni ni mpole zaidi kwa seli. Kazi kubwa bado iko maabara, kwani maji ya mto yana tope na chuma, na chuma nacho huzima vitone vingi kama zebaki.