Eti ukifunga bahari mvuvi analala njaa?

Hii kauli tumeisikia miaka nenda rudi, kwamba ukitenga kipande cha bahari kisivuliwe basi umemnyang'anya mvuvi chakula. Naielewa kabisa hofu yake maana mtu anategemea nyavu zake kila siku, lakini haiko hivyo.

Cheki kisiwa cha Apo kule Ufilipino, kadogo tu. Mwaka 1982 wanakijiji, wakisaidiwa na mwanasayansi wa bahari Angel Alcala na wenzake wa Silliman University, chuo kikuu cha hukohuko Ufilipino, walifunga karibu mita 450 tu za ufukwe, yaani hawakufunga bahari yote, na hapo ndo watu wengi wanachanganya. Ndani ya eneo lile samaki wanaachwa wakue, na samaki mkubwa anataga mayai mengi kuliko wadogo kibao ukiwajumlisha, halafu wakijaa wanatoka wenyewe nje ya mpaka na huko nje wavuvi wanawasubiri.

Wengine wanadhani kutenga eneo kama hili ni kazi ya serikali kuu peke yake. Hapana, 1985 serikali ya mtaa ya Dauin, manispaa ambayo Apo imo ndani yake, iliupa mpango ule nguvu ya kisheria, na sheria ya 1991 ikazipa manispaa za Ufilipino mamlaka ya maji mpaka kilomita 15 kutoka pwani. Dhoruba za 2011 na 2012 ziliyavunja vibaya sana matumbawe ya Apo, yaani makazi ya samaki wenyewe, inauma kweli, ila kuyafufua si kupanda tu, kwanza ni kuyalinda yasiguswe, na hapo lazima kuwe na ulinzi na faini inayolipwa kweli.