Chipukizi Dhidi ya Mkongwe: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Mpambano wa Roxanne Shante na Busy Bee

Habari za mipambano ya rap husimuliwa kwa kisa kile kile: kijana asiyejulikana anapanda jukwaani, mkongwe anamcheka, kijana anashusha mistari ya papo kwa papo inayowainua watu vitini, na kuanzia usiku huo mkongwe hasikiki tena. Kisa kinapendeza, lakini karibu kila kipande chake kinapingana na yaliyotokea New York mwaka 1985, pale Roxanne Shante, binti wa miaka 15, alipokutana na rapa mkongwe Busy Bee katika fainali ya mashindano ya ma-MC, yaani wachanaji wa rap, yaliyoandaliwa na kongamano la muziki la New Music Seminar.

Dhana ya kwanza ni kwamba chipukizi lazima awe mtu asiyefahamika. Shante, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Lolita Shante Gooden, alikuwa tayari na wimbo uliotikisa redio za New York. Mwaka 1984 kundi la UTFO lilitoa wimbo uliomlalamikia msichana mmoja wa kubuni, Roxanne, aliyewakataa wanaume watatu wa kundi hilo waliomtongoza kwa zamu. Kundi hilo lilipovunja ahadi ya kutumbuiza katika onyesho lililohusishwa na mtangazaji Mr. Magic, Shante alijitolea kulijibu kwa niaba ya msichana huyo. Alirekodi "Roxanne's Revenge" nyumbani kwa mtayarishaji Marley Marl, katika majengo ya Queensbridge walikokaa wote wawili, akiwa na miaka 14. Mwenyewe husimulia kwamba siku hiyo alikuwa ametoka kwenda kufua nguo. Wapo hadi leo wanaoamini kuwa yeye ndiye Roxanne aliyeimbwa na UTFO. Siye: alilivaa jina la mhusika, akawashukia wale watatu mmoja baada ya mwingine, na majibu ya majibu yakafuata kwa makumi kutoka kwa wasanii wengine. Kwa hiyo alipofika fainali hakuwa mgeni masikioni mwa watu. Unyonge wake ulitokana na umri na jinsia, katika fani ambayo wanaume waliiona kuwa yao.

Dhana ya pili inamhusu mkongwe. Wengi humchora kama ukuta ambao haujapata kutikiswa, ili kuanguka kwake kuwe na kishindo. Busy Bee alikuwa ameshaanguka, tena mbele za watu. Desemba 1981, katika ukumbi wa Harlem World, alikabiliwa na Kool Moe Dee wa kundi la Treacherous Three, na kinachofaa kuangaliwa kwa karibu ni jinsi alivyopigwa. Busy Bee alikuwa bingwa wa kuchangamsha ukumbi: aliwaitikisha watu, akawauliza nyota zao za kuzaliwa, akajaza nafasi kati ya vina kwa silabi zisizo na maana zilizowafanya wacheze. Kool Moe Dee hakushindana naye kwa uchangamfu. Alianza kwa kumtaka aziweke kando silabi zile, akamtuhumu kuwa mistari yake si yake, kisha akaendelea kumchambua yeye binafsi, jina lake na mbinu zake, kwa vina vilivyopangwa vikapangika. Kanda za kaseti za usiku ule zilinakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono, na wengi wanaoifuatilia historia ya hip hop huuhesabu kuwa usiku ambao ustadi wa mistari ulianza kuthaminiwa kuliko kelele za ukumbi. Aliyeshindwa hakutoweka. Miaka minne baadaye ni yeye aliyekuwa akimsubiri Shante fainalini, na kwa maoni yangu mkongwe aliyekwisha kupigwa ni hatari zaidi kuliko asiyewahi kuguswa.

Ipo pia imani kwamba mpambano wa kweli ni wa kubuni mistari papo hapo na kwamba anayeandika anadanganya. Imani hii ina chembe ya ukweli, kwa sababu Shante alisifika hasa kwa kuchana bila karatasi, na "Roxanne's Revenge" yenyewe inasimuliwa kuwa ilitoka kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, ligi zilizoibuka baadaye, kama vile King of the Dot ya Kanada na Don't Flop ya Uingereza, zote za mwaka 2008, zilijengwa juu ya mistari iliyoandikwa na kukaririwa, ambayo hutolewa bila mdundo dhidi ya mpinzani anayejulikana mapema. Huko uandishi ni kanuni ya mchezo na wala si ujanja.

Linalopotoshwa zaidi, nadhani, ni suala la nani huamua. Watazamaji huamini kwamba mwenye kushangiliwa zaidi ndiye mshindi, na kwamba matokeo yakienda kinyume basi mistari ya chipukizi ilikuwa hafifu. Mwaka 1985 waliamua majaji kwa alama, na Busy Bee ndiye aliyetawazwa. Shante amesimulia kwamba Kurtis Blow, msanii mkubwa wa rap wa wakati huo aliyekuwa miongoni mwa majaji, alimpa alama ndogo mno ikilinganishwa na wenzake, na kwamba sababu aliyopewa baadaye ni kuwa fani iliyokuwa bado inatafuta heshima isingeweza kumtangaza binti wa miaka 15 kuwa bora kuliko wote. Kwa maelezo hayo, kilichopimwa na jaji huyo ni sura ya fani mbele ya wakubwa wa muziki, wala si vina. Msomaji aliyewahi kufuatilia mipasho ya taarabu, ambako ukumbi wenyewe hutoa hukumu kwa kutunza, ataona jinsi meza ya majaji inavyoweza kuubadili mchezo mzima.

Mwisho ni dhana kwamba chipukizi akishindwa amekwisha. Rapa Eminem alishindwa fainali ya mashindano ya Rap Olympics huko Los Angeles mwaka 1997, na mwaka huo huo alishindwa na rapa Juice wa Chicago katika mashindano mengine, Scribble Jam. Umaarufu wake wote umekuja baada ya hapo. Shante naye aliendelea kurekodi, na mwaka 2025 waandaaji wa Grammy walimtunuku tuzo ya mafanikio ya maisha. Busy Bee alishinda mwaka 1985, lakini jina lake likitajwa leo, mara nyingi ni kwa sababu ya mpambano alioshindwa Harlem.